Usimnyweshe dinosaria maji ya Ziwa Tanganyika

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sanaa hapa Kigoma. Kamati ya utamaduni imetuomba tuchore ukuta mzima kwa ajili ya maonyesho ya "maisha ya kale ya kwetu". Nimefikiria Giraffatitan wawili, wale dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu, wakinywa maji ziwani, nyuma yao milima ya Gombe na michikichi. Ngozi niipake rangi gani? Nitumie rangi ya mafuta au akriliki? Kuna kijana wa stesheneri anasema atatutolea picha yote kwa akili mnemba, tuichape kwenye bango tu. (Mwalimu wa sanaa, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Mwalimu, la rangi tulimalize haraka. Tumia akriliki isiyong'aa, juu ya ukuta uliopigwa praima ukakauka sawasawa. Rangi ya mafuta inameremeta, na taa za ukumbini zikiipiga, watu wataona taa badala ya mnyama. Rangi ya ngozi ya Giraffatitan hakuna aijuaye. Manyoya ya baadhi ya dinosaria wadogo wa China yalihifadhi vijichembe vya rangi, ndiyo maana tangu 2010 tunaweza kusema kwamba mmoja wao, Sinosauropteryx, alikuwa na mkia wa mistari, wekundu wa kutu kwa weupe. Kwa mnyama wako hatuna ushahidi wa namna hiyo. Chukua kijivu au kahawia iliyotulia, kama walivyo tembo na kifaru, uendelee na kazi.

Kilichonikera ni hayo maji anayokunywa.

Ziwa Tanganyika, pamoja na ukongwe wake wote, linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12. Giraffatitan aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na dinosaria wote, ukiwaacha ndege, walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Siku ziwa linaanza kujaa, hao wawili wako walishakuwa mawe tangu zama na zama. Bonde lenyewe lilikuwa halijapasuka, na miinuko unayoiona Gombe ni ukingo wa ufa huohuo. Mchikichi nao ni mmea wa maua, na ushahidi wa uhakika wa mimea ya maua unaanzia kama miaka milioni 130 iliyopita. Kwa hiyo katika picha yako kilicho cha enzi hiyo ni mnyama peke yake, tena kasafiri kutoka Lindi.

Sikusemi wewe tu. Kazi za namna hii naletewa kila mara, na kosa ni lilelile: mchoraji anahangaika wiki nzima na kucha za mnyama, halafu mandhari anaichota dirishani. Kutoka Tabora niliwahi kuletewa wawindaji wa Zama za Mawe wamepumzika chini ya mwembe. Mwembe! Mti uliotoka Asia, ukasambazwa bara na watu wa misafara. Mwingine alimsimamisha dinosaria kwenye mbuga ya nyasi, mkono wa kulia mgunga, kama tangazo la utalii. Enzi za Giraffatitan nyasi hazikuwapo kabisa. Mbuga za nyasi zilitanda muda mrefu baada ya yeye kutoweka.

Watu wanadhani utaalamu uko kwenye mnyama, mandhari ni ya kujazia ukuta. Ni kinyume chake. Mnyama ana mifupa: unapima urefu wa paja, unaangalia makovu ambako misuli ilishikilia, unamvika nyama kwa kiasi chake. Ardhi inataka ukae na mwanajiolojia, akusomee tabaka moja moja. Pale Tendaguru, huko Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, vibarua wakisimamiwa na nyapara wetu Boheti bin Amrani, tabaka za mifupa zinapishana na tabaka zenye kombe za baharini. Maana yake pwani ilikuwa hapo hapo, na maji ya wangwa yakipanda na kushuka. Bara zaidi kulikuwa na miti ya jamii ya misonobari. Chini yake weka kangaga, acha na udongo mtupu uonekane. Kiunzi cha Giraffatitan kilichosimamishwa Berlin kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Pembeni mchore mtu kwa kivuli cheusi, la sivyo mtoto hatauelewa ukubwa huo.

Na tafadhali, ile volkeno inayotoa moshi nyuma ya kila picha ya kale, iache. Laetoli, kule Ngorongoro, ina haki yake, maana majivu ya volkeno ndiyo yaliyotunza nyayo za miaka milioni 3.66. Kwingine inawekwa kwa mazoea tu.

Sasa, kamati imesema "ya kwetu". Basi wapeni ya kwetu. Kusini mwa ziwa, mpakani na Zambia, kwenye maporomoko ya Kalambo, ilitangazwa mwaka 2023 kwamba yamepatikana magogo mawili yaliyopachikwa moja juu ya jingine kwa pengo lililochongwa makusudi, yenye umri wa angalau miaka 476,000. Hapo ziwa lipo, kwa hiyo lichore, ila usinakili ufukwe wa leo, kwa sababu kina cha maji kimewahi kushuka mamia ya mita nyakati za ukame mkubwa. Mifupa ya waliofanya kazi ile haijapatikana pale, kwa hiyo onyesha migongo na mikono kazini, nyuso zigeukie gogo. Ukitaka ya kale zaidi, bonde la Rukwa limetoa Rukwapithecus, nyani asiye na mkia wa miaka milioni 25 iliyopita, anayejulikana kwa kipande cha taya na meno yake. Huyo mfiche kwenye majani, aonekane nusu. Chini ya picha andika kipi kimepatikana na kipi umekisia kutokana na jamaa zake.

Ndipo tufike kwa kijana wa stesheneri. Programu ile imejifunza kutoka kwenye picha ambazo tayari zimezagaa, na zilizozagaa ndizo zenye nyasi, volkeno na mnyama aliyeachama mdomo. Itakupa kosa la wote, limepakwa rangi nzuri. Muulize kwa nini jani lile liko pale, hana la kukujibu, wala kompyuta yake haina. Wauza mabango wamejaa kila mji sasa, wanazunguka kwenye shule na makumbusho ndogo wakiahidi "historia kamili kwa siku mbili", na kamati zinawakubali kwa sababu ni nafuu. Mtoto hasomi maandishi ya chini, anaondoka na picha. Miaka ishirini baadaye yeye ndiye mwalimu, anafundisha kwamba dinosaria walioga Kigoma.

Kamati ikikushinikiza, iandikie masharti: rasimu ya penseli ipitiwe na mtu wa visukuku na mtu wa mimea kabla tone la rangi halijagusa ukuta, na gharama ya ushauri huo iwemo kwenye bajeti. Rasimu ya kwanza iwe ya ardhi, maji na mimea bila mnyama yeyote. Hiyo ikipita, nitumie tuzungumze vipimo vya mnyama.