Habari ya mpira imeandikwa vizuri? Msomee asiyeona

Aliyeanzisha uzi anauliza: unajuaje kwamba habari ya michezo imeandikwa vizuri, na si kwamba umeipenda kwa sababu timu yako imeshinda? Nijibu kwa yaliyonikuta huku Lubumbashi.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa reli, na shabiki wa Lupopo, klabu ya hapa mjini iliyo mpinzani wa Mazembe, hadi kwenye mfupa. Macho yalipomwishia, kazi ya kumsomea gazeti ikaniangukia mimi, kila Jumatatu, uani kwao Kamalondo. Nikisoma "vijana walipambana kiume", ananikatiza: "Na mupira ulikuwa wapi?" Nikifika kwenye "vuta nikuvute", anaomba chai. Siku moja nikasoma kuhusu beki aliyekuwa bado ameinama anafunga kamba za kiatu, krosi ikampita juu ya mgongo. Mzee akainua mkono. "Rudia hapo." Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu aliinamisha kichwa kidogo, kana kwamba mpira unampita yeye.

Toka siku ile sina kipimo kingine. Sifa zikijaa ("shuti kali", "pasi murua"), najua mwandishi hakuangalia, au aliangalia ubao wa matokeo tu. Vitenzi ndivyo vinavyobeba mpira. Nami nimeonja: niliwahi kuandikia kijarida fulani cha mjini, nikaeleza kipa aliyetema mate kwenye glavu kabla ya penalti. Mhariri akafuta, akaweka "utulivu wa hali ya juu". Bado inaniuma.

Tarehe 14 Desemba 2010, Mazembe ya hapa Lubumbashi iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, akifunga Kabangu kisha Kaluyituka, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. (Fainali Inter Milan walitupiga 3-0, tuyaache hayo.) Kwetu umeme ulikatika, tukafuata kwa redio. Kesho yake nikaja na magazeti mawili. Mjomba, pamoja na Ulupopo wake, alitaka kitu kimoja. Kila mtu hapa alijua Kidiaba wa Mazembe akifurahi anakaa chini kwenye nyasi na kudunda kwa makalio, kipa mzima wa miaka 34.

"Mara hii alidunda mpaka wapi?"

Nikapekua la kwanza, nikapekua la pili. Yote mawili: "furaha isiyo kifani".

Mzee akaomba chai.