Kwa nini honi ya basi hubadilika linapotupita?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Uyole, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Basi linapokuja likipiga honi, sauti huwa nyembamba, lakini likishapita tu, honi ileile husikika nene. Jirani yangu anasema husababishwa na baridi na mwinuko wa Mbeya. Je, ni kweli?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, hata aliyesimama kwenye joto la Dar es Salaam angesikia hivyo hivyo. Baridi hupunguza kidogo tu kasi ya sauti, ambayo ni takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20 na mita 337 katika nyuzijoto 10. Kinachobadilisha honi ni mwendo wa basi. Linapokuja, kila wimbi la sauti huanzia karibu nawe zaidi kuliko lililotangulia, kwa hiyo mawimbi hubanana na kukufikia mengi zaidi kila sekunde, na sikio huyasikia kama sauti nyembamba. Likishapita, kila wimbi huanzia mbali zaidi, nayo hufika machache.

Tuseme honi hutoa mitetemo 400 kwa sekunde, na basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Likija utasikia mitetemo kama 428, na likienda kama 376, tofauti inayozidi kidogo hatua ya kushuka kutoka re hadi do, ambayo mwanakwaya yeyote huitambua. Abiria wa basi hilo hasikii badiliko lolote.

Christian Doppler wa Austria alieleza kanuni hii mwaka 1842, na mwaka 1845 Buys Ballot aliithibitisha Uholanzi kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni huku wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli.

Wengi hudhani kwamba sauti huzidi kuwa nyembamba kadiri basi linavyokaribia, na dhana hiyo inastahili kusahihishwa. Kinachozidi ni ukubwa wa sauti. Kama mwendo haubadiliki, wembamba haupandi kabisa, bali hubaki palepale, kisha hushuka basi linapofika usawa wako. Ukiwa karibu na barabara, sauti hushuka ghafla. Ukiwa katikati ya shamba la viazi, mbali na lami, hushuka taratibu. Sikiliza ukiwa sehemu zote mbili, lakini usiisogelee lami kupita kiasi.