Babu asema kinanda changu kinapotoka

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 22, napiga kinanda. Dada yangu anaolewa Majengo na babu yetu, mpiga udi wa zamani, amekubali tupige pamoja usiku wa arusi. Lakini kila tukifanya mazoezi hunisimamisha: "Zima hicho, sauti yapotoka!" Mimi nasikia sawa kabisa. Tena asema kinanda si ala ya taarabu. Nifanyeje? Mjukuu, Kisauni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la "si ala ya taarabu" liwache lipite. Taishokoto, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, ilitoka Japani, na Mombasa tukaipiga mpaka ikawa yetu. Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, naye aliimba mashairi ya Kimvita kwa mahadhi ya sinema za Kihindi, na babu yako bila shaka alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Kwenye sauti, lakini, babu ana haki. Muulize mwapiga maqamu gani, yaani mpango gani wa sauti za wimbo. Ikiwa ni maqamu ya Bayati inayoanzia sauti ya Re (katika zile Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si), ile Mi yake hushushwa kidogo, ikakaa baina ya kitufe cheupe na cheusi kilicho kando yake. Shingo ya udi ni laini, kidole hutua popote. Wewe ukibonyeza cheupe umepanda, ukibonyeza cheusi umeshuka, na pale katikati hapana kitufe! Mimi nilipiga fidla miaka mingi, na kinanda cha namna hiyo kikiingia nilikuwa nahisi meno yakiniuma.

Dawa ipo. Vinanda vingi vya siku hizi vina sehemu ya kurekebisha sauti moja moja. Shusha Mi kwa 50, maana kutoka kitufe hadi cha pili ni 100. Kwa maqamu ya Rasti inayoanzia Do, shusha na sauti ya Si pia. Kisha ukumbuke kurudisha! Nimeshaona kijana akisahau, wimbo uliofuata ukalia kama paka aliyebanwa na mlango. Ikiwa kinanda chako hakina sehemu hiyo, muombe babu nyimbo za maqamu ya Nahawandi au Kurdi, hizo vitufe vyako vinazitosha.

Ngoma za mashine ndizo nisizozitaka kabisa. Babu akifika kwenye ubeti mzito atavuta maneno, na mashine haimngoji mtu. Tafuteni mpiga dumbaki anayejua kumtazama mwimbaji mdomoni.

Usiku wa pwani una unyevu, sauti ya udi haitatulia. Kabla ya kila wimbo mpe babu sauti ya La ya kinanda chako atengenezee nyuzi zake, polepole, bila kusubiri aiombe. Akianza taksimu, yaani kupiga udi kwa kubuni papo hapo, peke yake, weka mikono mapajani. Na fundi wa spika mwambie mapema: kinanda chako kina umeme, udi una tumbo la mti tu, basi maikrofoni nzuri iwekwe kwa babu.