Vespa yangu siitoi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni kitu gani unachokitumia kila siku ambacho hata ukiletewa kipya bure hukubali kukiachia?" Changu ni Vespa, skuta ya aina ya PX yenye cc 150, rangi ya maziwa, niliyoinunua kwa mzee mmoja wa Upanga alipoacha kuendesha.

Mimi ni fundi cherehani, Tabata. Mara tatu kwa wiki naifuata Barabara ya Uhuru hadi Kariakoo kuchukua vitambaa, nyuzi na zipu. Mzigo unakaa mbele ya miguu yangu, na gauni langu halisumbuki maana hakuna cha kurukia mguu. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni Vespa ya kwanza kule Italia kwa ajili ya kampuni ya Piaggio, mwaka 1946, mwenyewe hakuzipenda pikipiki. Ndiyo maana hii haina mnyororo wa kuchafua nguo, na injini imefunikwa ubavuni. Nikibeba satini nyeupe ya bibi harusi, namshukuru yule baba.

Watu hushangaa zaidi wakinikuta sheli. Injini yangu inakula oili pamoja na petroli, oili ikiwa asilimia 2, na haijichanganyii yenyewe. Kwa hiyo natembea na chupa ya dawa ya kikohozi ya mwanangu, ya mililita 100, niliyoiosha ikatakata. Chupa moja ya oili kwa lita 5 za petroli. Nanyanyua siti, natanguliza oili kwenye tangi, halafu petroli inashuka juu yake kwa nguvu na kuivuruga. Kisha naushika usukani na kuitikisa Vespa kushoto, kulia. Bodaboda walio nyuma yangu hupiga honi. Nawaomba radhi, lakini hatua hiyo siiruki.

Niliiruka mara moja tu. Nilikuwa nawahi na nguo za sendoff, simu sikioni, nikamwachia kijana wa sheli achanganye yeye. Akajaza petroli tupu. Nilipokaribia Ilala Boma mlio ukabadilika, ukawa mwembamba na wa kukwaruza, kama cherehani iliyokaukiwa mafuta. Kabla sijaelewa, gurudumu la nyuma likakamata. Nilibana klachi, na hiyo klachi ndiyo iliyoniokoa nisilale mbele ya daladala. Fundi alipofungua bloku alinipa pistoni mkononi: ubavuni ina michirizi mirefu, utadhani imeparuliwa na paka. Nililia palepale, nasema kweli. Bloku ikachongwa, pistoni na ringi zikawekwa mpya, nikapanda daladala wiki mbili. Tangu siku ile masikio yangu hayatoki kwenye injini.

Pancha hainitishi. Usiku mmoja tairi la mbele liliisha upepo karibu na Buguruni Sheli. Gurudumu la akiba liko ndani ya ubavu wa kushoto. Nikasimamisha Vespa kwenye stendi, kijana wa bodaboda akajitolea kukalia nyuma ili mbele kunyanyuke, nami nikafungua nati tano kwa spana namba 13. Dakika kumi hazikufika. "Dada, kumbe inatoka kama ya gari!" akasema, akaomba arudishe nati ya mwisho yeye mwenyewe.

Wengine wanaiita pikipiki ya kizungu. Jamani, mbona ni ndugu ya bajaji? D'Ascanio huyohuyo ndiye aliyebuni Ape ya magurudumu matatu, mwaka 1948, kutokana na Vespa. Na Bajaj ya India, iliyotupa hilo jina, miaka ya 1960 ilikuwa ikiunda Vespa kwa leseni ya Piaggio. Siku moja kijana wa bodaboda aliniomba aijaribu, akawa anaitafuta gia kwa mguu. Dereva wa bajaji aliyekuwa pembeni alipanda, akabana klachi, akazungusha mkono wa kushoto, gia ikaingia, akaondoka. Hakuuliza chochote.

Masika ndiyo inayonishinda. Magurudumu ni ya inchi 10, na shimo lililojaa maji hulioni mpaka umeingia. Mvua zikikolea naifunika turubai, naenda kwa daladala. Kutu nayo siichezei, kwa sababu Vespa haina fremu ndani, bati lenyewe ndilo linalobeba kila kitu. Sakafu ikiliwa, imekwisha. Nikitoka ufukweni, Coco au Kigamboni, naiosha chumvi kule chini kwa maji baridi siku ileile, hata iwe saa nne usiku.

Mdogo wangu wa kiume ameahidi kuninunulia skuta mpya ya otomatiki, ya kuwasha kwa kidole. Ananihurumia kwa kupiga kiki kila asubuhi, na upendo huo nimeupokea. Nimemwambia hiyo skuta ampe wifi yangu. Mimi aniletee oili ya kuchanganya, chupa mbili, maana niliyonayo haifiki Ijumaa.