Ulilala wapi? Maswali yenu ya malaria na safari

Shikamoo dada. Nimerudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, huko Tanga siku kumi sasa, naona baridi na kichwa kinagonga. Nimemeza Panadol, imetulia kidogo. Nisubiri? (Mvuvi, Mkokotoni)

Marahaba. Usisubiri hata jioni. Panadol inashusha homa, vimelea haivigusi. Malaria huchukua wiki moja hadi mbili kujitokeza, hivyo mbu aliyekuambukiza huenda umemwacha hukohuko Tanga. Nenda zahanati, na kabla hujaulizwa sema: "Nililala Tanga." Nimemwona kijana aliyeandikiwa dawa ya kifua kwa sababu hakuna aliyemuuliza alikotoka. Siku ya tatu karudishwa amebebwa, macho manjano. Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni, robo saa, na mistari miwili ikionekana ni malaria. Ingejulikana tangu siku ya kwanza.

Wachumaji karafuu kutoka Bara ndio wanaotuletea malaria Pemba. Kwa nini wasizuiwe bandarini? (Mama, Wete)

Mama, na mwanao akienda harusini Muheza akalala wiki nzima bila chandarua, utamzuia naye? Wenyeji wanaorudi safari huileta vilevile. Watoto wetu wamekua bila malaria, kinga hawana. Mtu wa Bara anaweza kubeba vimelea asihisi kitu, na vikiwa vichache kipimo cha haraka kinamkosa. Ukimfukuza bandarini atakuja na ngalawa usiku, asipimwe kabisa. Mpelekeeni chandarua kambini na mpimaji shambani, mumpokee vizuri ili asiogope kusema anaumwa. Tulishawahi kulegeza kamba: kampeni ya kutokomeza malaria hapa Zanzibar ilisimamishwa mwaka 1968, na ugonjwa ukarudi ukajaza wodi. Sasa tena nasikia watu wakisema malaria imekwisha, vyandarua wanafunikia miche. Naogopa.

Mgonjwa ni mume wangu tu, lakini afisa wa malaria kaja kutupima nyumba nzima. Lazima? (Chake Chake)

Ndiyo. Mmelala nyumba moja, pengine na mbu mmoja.

Naweza kununua dawa mseto ya malaria bila kupima? (Mwanakwerekwe)

Swali hili naulizwa mara ya nne mwaka huu. Hapana. Na ukipimwa ukakutwa nayo, dozi ni siku tatu kamili; usiache siku ya pili kwa kuwa umepata nafuu.

Nalinda jengo usiku kucha, chandarua kitanisaidia nini? (Mlinzi, Fumba)

Kazini, hakuna. Mbu wetu wengi sasa huuma nje. Vaa mikono mirefu na suruali, jipake dawa ya kufukuza mbu miguuni na shingoni tangu magharibi, ukirudia inavyoelekezwa. Chandarua ni cha usiku wa mapumziko, na cha wanao kila siku. Mwajiri anayekupa tochi na buti akupe na hiyo dawa ya kupaka, maana mafundi wanaotoka Bara wanalala hapohapo kwenye jengo.