Ubaguzi katika somo la lugha: anza na kalamu nyekundu

Mwalimu aliyeanzisha uzi huu ameuliza atawezaje kupinga ubaguzi wa rangi na wa kabila katika vipindi vya lugha bila kuvigeuza kuwa mahubiri. Nimefundisha Kiswahili na Kifaransa katika sekondari hapa Mombasa kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni kwamba aanze na namna anavyosahihisha.

Mwanafunzi wa Mji wa Kale akiandika "moya" au "ndia" katika insha, mimi humwandikia pembeni kwamba hicho ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na kwamba KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, unamtaka atumie Kiswahili Sanifu. Simwambii kwamba hajui Kiswahili. Darasa zima huelezwa kuwa mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kimvita, lahaja aliyoitungia Muyaka bin Haji mashairi yake, kikaachwa. Ulikuwa uamuzi wa enzi ya ukoloni, wala haukuwa hukumu juu ya akili za wasemaji. Kwa lafudhi nina msimamo mkali zaidi: lafudhi ya Kigiriama au ya Kigujarati inayoeleweka haikatwi alama, na haiigizwi kwa kicheko hata na mwalimu. Nasema hata na mwalimu kwa sababu mizaha hiyo, tukisema kweli, mara nyingi huanzia majilisi, yaani chumba cha walimu.

Kisha azikague sentensi zake za mifano, ambako mimi nimeona madhara makubwa kuliko matusi ya wazi. Mgiriama hugema mnazi, Mhindi huuza dukani, Mwarabu humiliki nyumba ya kupangisha. Sarufi hufundishwa barabara, lakini pamoja nayo mtoto hukariri ngazi ileile ambayo Kenya ya ukoloni iliisimamisha ilipotenganisha shule za Wazungu, Waasia, Waarabu na Waafrika. Badilisha watendaji. Mgema awe pia mteja anayedai risiti, na hakimu atoke Kaloleni, kwa Wagiriama. Siku ya utamaduni yenye ngoma na mahamri haiondoi mazoea haya.

Katika Kifaransa, Paris isiwe mji pekee. Kinshasa, Dakar na Abidjan zina wasemaji wake, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina watu wengi kuliko Ufaransa yenyewe. Wanafunzi huuliza wenyewe lugha hiyo ilifikaje huko. Hapo ndipo pa kuueleza ukoloni.

Kuhusu kile kibao anachovishwa kama adhabu mwanafunzi anayezungumza lugha ya mama shuleni, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka Dola kukuza lugha za asili, kwa hiyo hoja unayo. Hata hivyo, zungumza kwanza na wazazi, kwani wengi hukitetea kwa hofu ya mtoto kushindwa Kiingereza, na hofu hiyo si ya kubezwa. Waonyeshe insha za Kiingereza za watoto wao na mpango wako wa kuziboresha, ndipo upeleke ombi la kukiondoa kwa Bodi ya Usimamizi ya shule.