Programu ya mkopo inawasumbua ndugu zako? Fanya hivi

Pole sana dada. Unauliza imekuwaje programu ya mkopo iwatumie meseji za deni lako mpaka mama mkwe huko Kibosho, na wewe hukuwapa namba yake. Inaelekea ruhusa waliipata ulipobonyeza “Nakubali”. Wengi tunayaruka yale masharti: marefu, Kiingereza cha kisheria, na ukikataa hupati huduma.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima ruhusa ya kusoma namba ulizohifadhi. Walizokwishachukua hazirudi, lakini hawataongeza. Meseji usifute hata moja. Zipige picha, uzipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ipo tangu 2022. Wakikutishia, nenda polisi mapema.

Siku nyingine, kwenye masharti tafuta tu panapotaja namba, picha na watakaopewa taarifa zako.